Hakuna Kiwanja Kitupu Dilala

Kwenye kuta nyingi za Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, kama ilivyo Lubumbashi na Dar es Salaam, kumeandikwa onyo kwa rangi: nyumba hii haiuzwi. Pengine ni kwa Kifaransa, pengine kwa Kiswahili, na herufi zimepinda kwa sababu aliyeandika hakuwa fundi wa mabango. Mwenye nyumba anajikinga na ndugu mwenye tamaa, na dalali asiye na haya, na tapeli mwenye hati ya jana. Lakini kiwanja ambacho hakijajengwa hakina ukuta wa kuandikia. Basi mwenyewe hushusha lori la mchanga, hurundika matofali, hupanda mihogo kutoka kigingi hadi kigingi, au huinua kijumba cha chumba kimoja akamweka mlinzi na mkewe. Anachotafuta ni kwamba asije mtu akasimama pale akasema kiwanja hiki ni kitupu.

Hofu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 130, na katika Katanga imekuwa na sababu kila mara.

Dilala ni mojawapo ya komini mbili za mji wa Kolwezi. Ya pili ni Manika. Kiswahili cha huku kimelelewa migodini na kwenye mabehewa ya reli, kimemeza Kifaransa kingi, na kiwanja cha kujenga huitwa parcelle. Anayetaka kununua huanza kwa dalali, ambaye hapa ni commissionnaire, kisha hupelekwa kwa chef wa mtaa, na bei hutajwa kwa dola. Sifa za kiwanja kizuri zinajulikana: barabara iwe karibu, nguzo ya umeme isiwe mbali, kisima kisihitaji kamba ndefu mno. Kuna sifa nyingine ambayo mgeni hatadhani ni sifa. Ni kichuguu. Vichuguu vya Katanga vyaweza kupita kimo cha nyumba, na udongo wake wa mfinyanzi ndio unaofyatuliwa matofali na kuchomwa kwenye tanuru papo hapo. Mtu akinunua parcelle yenye kichuguu kikubwa, kuta za nyumba yake tayari zimelala humo. Mchwa wamemtangulia kazi.

Neno lenyewe, "tupu", liliingia katika sheria za nchi hii mapema. Tarehe 1 Julai 1885, siku za mwanzo kabisa za Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, msimamizi mkuu wake Francis de Winton alitoa amri kwamba ardhi zilizo wazi zihesabiwe kuwa mali ya Dola. Wenyeji waliachiwa zile walizokuwa wakizikalia na kuzilima. Amri ilitolewa kule magharibi, upande wa mdomo wa mto Kongo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na watu ambao hawakuwa wamekanyaga Katanga. Kwa mstari mmoja wa maandishi, shamba lililopumzishwa kwa miaka kadhaa ili udongo upate nguvu likawa ardhi tupu. Pori la kuwindia likawa tupu. Mahame ya kijiji kilichohamia ng'ambo ya mto, yenye makaburi ya wazee, yakawa matupu.

Na mashimo ya shaba pia. Hapa ndipo amri ile ilipoumiza zaidi, kwa kuwa Katanga ilikuwa nchi ya wafua shaba karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona. Wasanga na jirani zao walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo, wakatoa misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika biashara za mbali. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi. Mvua zikianza watu walirudi mashambani. Mpita njia wa mwezi wa pili angeona shimo limejaa maji, nyasi zimeota kando yake, hakuna sauti ya mtu. Angeweza kuandika kwa dhamiri safi kwamba hapa hakuna mwenyewe, kumbe mwenyewe yuko shambani akipalilia.

Shaba hiyo ndiyo iliyomvuta M'siri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, akaja na Wayeke wake akasimika dola na makao makuu Bunkeya. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs uliondoka Zanzibar na kupita Bagamoyo ukiwa na mamia ya wapagazi na askari wa pwani, ukitumwa na Kampuni ya Katanga kuhakikisha kwamba bendera ya Leopold inapepea Bunkeya kabla ya Waingereza hawajafika. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, ambaye naye alikufa katika tukio hilohilo. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akipima miamba. Kiswahili kilichosikika kambini mwa Stairs kilitoka pwani, na vizazi vichache baadaye lugha hiyo ndiyo iliyokuwa ya amri na ya mapenzi katika makambi yote ya migodi.

Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake CSK. Ilishika ardhi yote kwa niaba ya wenye hisa wawili: theluthi mbili za Dola, theluthi moja ya Kampuni ya Katanga. CSK iligawa vibali vya kutafuta madini, ikapima miji, ikauza na kukodisha viwanja. Mwaka 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga, na kuanzia hapo karibu kila jambo la maana magharibi ya Katanga lilipitia mikononi mwa kampuni hiyo.

Hati yenyewe ya kiwanja ina asili ya ajabu. Ile karatasi ambayo Mkongomani anaihangaikia hadi leo, certificat d'enregistrement, ilichukua mfano wake kutoka kwenye mfumo uliobuniwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Wazo lake lilikuwa jepesi: badala ya kufuatilia rundo la mikataba ya zamani ili kujua nani aliuza kwa nani, serikali iwe na daftari moja, na aliyeandikwa humo ndiye mwenye mali. Leo hii mtu anayenunua kiwanja kitupu katika mji mdogo wa mashamba ya mizabibu, tuseme Tanunda katika bonde la Barossa, analala usingizi kwa sababu ya daftari hilo. Ila koloni ile nayo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1834 iliyoziita ardhi zake pori lisilokaliwa na mtu, wakati wenyeji wake walikuwa hapo tangu enzi. Mfumo uliosafiri hadi Kongo ulikuja mzima, na kasoro yake pia: daftari linaanza kuhesabu siku ya kwanza ya kuandikwa. Yaliyokuwapo kabla ya ukurasa wa kwanza hayamo.

Mwaka 1931 reli kutoka Tenke iliunganishwa na ile ya Benguela mpakani Dilolo, na shaba ikapata njia ya kwenda bandari ya Lobito kwenye Atlantiki. Ni njia ileile ambayo leo imerudi midomoni mwa watu kwa jina la Ukanda wa Lobito. Mwaka 1937 Union Minière iliweka Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Eneo hilo lilishajulikana: Ruwe, ambayo sasa huitwa Mutoshi, ilichimbwa dhahabu mwanzoni mwa karne. Lakini mji ulichorwa kwenye karatasi kwanza, kisha ukashushwa ardhini. Barabara pana zenye miti, nyumba za Wazungu zenye bustani, na kando kabisa, makambi ya wafanyakazi na mitaa ya Waafrika. Kanuni ya miji ya Kongo ya Wabelgiji ilikuwa kutenganisha, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa na ukanda mpana ulioachwa wazi kati ya mji mweupe na mweusi. Huo ulikuwa utupu wa makusudi, uliopimwa kwa mita.

Ndani ya kambi mfanyakazi alipewa karibu kila kitu isipokuwa ardhi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière, chini ya mawazo ya watu kama daktari Léopold Mottoulle, iliacha mtindo wa kuchukua vijana kwa miezi michache ikaanza kuwataka waje na wake zao, wazae, wakae. Nyumba ya matofali ilikuwa ya kampuni. Maji, zahanati, shule, posho ya unga kila wiki, vyote vya kampuni. Baba alizaa na kulea humo, mti wa embe aliopanda ukazaa, watoto wakaoa, na siku mkataba ulipokwisha alikabidhi ufunguo akaondoka na godoro. Serikali ya kikoloni ilichelewa hadi amri ya 10 Februari 1953 kuwaruhusu Wakongomani kumiliki viwanja vyao binafsi mijini, miaka saba tu kabla ya uhuru.

Uhuru haukulifuta neno "tupu". Sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966 ilirudisha ardhi na haki za madini kwa taifa, na tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa. Kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Kisha ikaja sheria ambayo bado inatawala hati ya kila kiwanja: namba 73-021 ya 20 Julai 1973. Inasema udongo wote ni mali ya Serikali peke yake, usiouzika kabisa. Anayeitwa mwenye kiwanja ana haki ya kukitumia. Mkongomani anaweza kuipata ya kudumu, mgeni hupewa ya miaka isiyozidi 25 inayoweza kuongezwa. Haki hiyo haipo mpaka iandikwe kwenye certificat d'enregistrement, na hati ikishapita miaka miwili ni vigumu mno kuitikisa. Kuhusu ardhi za vijiji, sheria iliahidi kwamba hati ya Rais itakuja kueleza haki za wakazi wake. Nusu karne ilipita bila hati hiyo kutoka.

Kwa hiyo kijiji kilichokuwa kando ya mji wa Kolwezi kilibaki katika hali ileile ya 1885: kinakaliwa, kinalimwa, na kwenye daftari hakipo.

Mei 1978 waasi wa FNLC walitoka Angola wakautwaa mji, na tarehe 19 wanajeshi wa Kifaransa wa Legion ya Kigeni wakaruka kwa miavuli kuutwaa tena. Maiti zilijaa mitaani na Wazungu wengi hawakurudi. Pigo kubwa zaidi kwa ardhi, hata hivyo, lilikuja polepole. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, jirani na Kolwezi, iliporomoka. Kufikia 1994 kampuni nzima ilikuwa inatoa kama tani 30,000 tu.

Katikati ya mporomoko huo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni wakati wa Wabelgiji, hawakujua kwingine. Walijazana kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri mabehewa kwa wiki na miezi, na wengi walifia hapo. Nyumba zao ziliachwa, au ziliuzwa kwa bei ya kutupa, au zilikaliwa tu na aliyefika kwanza. Hii ni sura ambayo watu wa Kolwezi hawapendi kuisimulia, na lazima isimuliwe, kwa sababu baadhi ya viwanja vinavyobadilisha mikono leo vina mzizi wake hapo. Nyumba iliyoachwa na familia iliyokimbia haikuwa tupu.

Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, wakipewa kiinua mgongo kilichogharamiwa na Benki ya Dunia. Kwa wengi fedha zilikuwa chini sana ya mishahara waliyodai. Kitu kimoja kilibaki: nyumba nyingi za makambi zilipita mikononi mwa waliozikalia. Kizazi cha tatu cha wachimbaji kilipata, kwa mara ya kwanza, ukuta wa kuandikia onyo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Julai 2002, Kongo ilikuwa imetunga Kanuni ya Madini. Kwa mwenye parcelle, jambo zito humo ni hili: madini ni mali ya Serikali, na haki juu yake imetengwa kabisa na haki ya mwenye ardhi ya juu. Hati yako inaishia kwenye udongo wa kupandia mihogo. Kinachofuata chini ni cha mwingine, na mwingine huyo anaweza kuwa ameshapewa kibali.

Mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ulijifunza sheria hiyo kwa mikono. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba uani kwake akakuta jiwe jeusi zito. Lilikuwa heterogenite, jiwe lenye kobalti ambayo betri za simu na magari ya umeme zinaililia. Habari haikukaa siku mbili. Watu walitoboa sakafu za vyumba vya kulala, wakachimba jikoni, wakachimba chini ya kuta hadi kwa jirani. Wachimbaji wadogo, wale creuseurs, waliingia mapatano na wenye nyumba kugawana mazao. Juu ya kila shimo kulitandwa turubai kuzuia mvua, na mtaa wa makazi ukaonekana kwa mbali kama uwanja wa mahema. Mama alipika futi chache kutoka kwenye mdomo wa shimo ambalo kamba yake ilishuka kina cha ghorofa kadhaa. Nyumba zilipasuka. Mashimo yalifukia vijana. Na bado, kwa familia ambayo babu yake alichimba maisha yake yote bila kumiliki hata nyumba, ilikuwa mara ya kwanza utajiri wa chini kupita mlangoni kwao.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliikubalia Congo Dongfang, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China, kununua madini ya sehemu ya Kasulo. Wakazi wa sehemu hiyo walilipwa wakahamishwa, nyumba zikabomolewa, ukuta ukazungushwa.

Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa ameliona jambo la jirani na hili miaka michache kabla. Katika mfululizo wake unaoitwa Kolwezi aliweka picha za makambi ya wachimbaji kando ya mabango ya bei nafuu yaliyochapishwa Asia, yenye nyumba za ndoto: maporomoko ya maji, nyasi zilizokatwa sawasawa, paa jekundu. Mabango hayo yalitundikwa ndani ya mahema ya turubai. Mchimbaji aliyelala juu ya shaba na kobalti alikuwa na kiwanja chake kwenye karatasi, ukutani.

Yaliyoikuta Cité Gécamines ya Kolwezi yanauma zaidi. Huu ni mtaa wa matofali wenye maji ya bomba na umeme, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, unaokaliwa na karibu watu 39,000. Mgodi wa wazi uko pembeni yake. Tangu mwaka 2015 mgodi huo, unaoendeshwa na COMMUS, kampuni ya ubia ya Zijin ya China na Gécamines, umekuwa ukipanuka kuelekea kwenye nyumba. Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na IBGDH la Kongo walichapisha ripoti iliyoeleza jinsi familia zilivyokuwa zikihamishwa, na fidia isiyotosha kununua nyumba ya aina ileile. Waliohama walijikuta pembezoni mwa mji, kwenye viwanja visivyo na bomba wala nguzo ya umeme. Miongoni mwao wamo watu waliokuwa na kila karatasi ambayo mji huu ulimwomba mtu awe nayo.

Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, msukumo umezidi. Wamekuja maofisa na familia zao, wakandarasi, wafanyabiashara, madereva wa malori ya kobalti. Pembezoni mwa mji vigingi vinasimikwa kwenye mashamba ya watu kabla mahindi hayajavunwa. Kiwanja kimoja huuzwa mara mbili, mara moja na chef wa kijiji anayeamini ardhi ni ya mababu zake, mara ya pili na mtu mwenye muhuri wa ofisi. Kila mmoja ana haki yake, na sheria ya 1973 iliwaacha wote wawili bila jibu. Mnunuzi ndiye anayelipa ujinga huo wa sheria, mara nyingi kwa akiba ya miaka.

Basi ewe unayetazama parcelle Dilala au popote kandokando ya Kolwezi, usiridhike na karatasi ya chef na mashahidi wawili. Kaa kwanza na wazee wa mtaa uwaulize nani alilima hapa na nani aliondoka. Nenda kwa msajili wa hati uone jina lililo kwenye daftari. Kisha fanya lile ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: ulizia kwenye Kadasta ya Madini kama juu ya mtaa huo kuna mraba uliokwisha kutolewa. Mraba mmoja wa kadasta hiyo ni karibu hekta 85. Viwanja vya mita 20 kwa 25 vinaenea humo 1,700.